Nusu ya Uso wa Kaku

Jumatatu, tarehe 3 Novemba. Mvua ilianza kabla ya saa kumi na mbili, ikanyesha bila upepo, na udongo mwekundu wa njia ya kituo ukawa uji. Hivyo ndivyo nilivyoandika katika daftari langu la kwanza siku nilipoanza kazi ya atelye, karakana ya kuchapa picha, na nakumbuka nilivua viatu mlangoni nikaingia miguu mitupu kwa aibu ya kuchafua.

Vijana wanaokuja kwangu kujifunza wananiomba niandike namna kazi ilivyokuwa zamani. Sijui kama mimi ndiye wa kuandika. Shule niliacha mwaka wa sita wa msingi, pale Kasaji. Lakini wale waliojua zaidi yangu hawapo Kolwezi tena, na sababu ya kutokuwepo kwao ni sehemu ya habari hii. Nitajaribu kusema yaliyotokea, na mahali nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika.

Atelye ilikuwa chumba kirefu nyuma ya kituo cha jamii, kile ambacho kampuni ya migodi iliwajengea wafanyakazi na wake zao. Wanawake walijifunza kushona upande wa mbele. Nyuma kulikuwa na mashine moja ya kubana, ya chuma, yenye gurudumu la kuzungusha kwa mikono miwili, na meza ndefu, na sahani za shaba zimepangwa ukutani kama vitabu. Sahani si ya kulia chakula. Ni bati nene la shaba, limesuguliwa mpaka unajiona ndani yake. Kolwezi shaba ilikuwa chini ya miguu yetu wote, lakini ilikuwa mara yangu ya kwanza kuigusa ikiwa laini.

Mkubwa wa atelye tulimwita Chef Tshibangu. Alizaliwa hapahapa Kolwezi, lakini babu yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini, na kwa watu wengine hilo lilitosha kumfanya mgeni. Siku ile hakuniuliza kabila wala shule. Alinipa bunda la vitambaa vikuukuu na chupa ya mafuta ya taa.

“Mama Georgette, kazi yako ni kufuta,” alisema. “Mi nachora, weye unafuta. Sahani hailale na wino. Hata kama nyumba inaungua, unafuta kwanza, njo unakimbia.”

Ndiyo kanuni ya kwanza niliyojifunza, na kwa miaka sita sikuivunja hata siku moja.

Kazi yenyewe iliitwa monotipi. Unapaka wino mweusi kwenye sahani kwa rola mpaka yote inakuwa giza. Kisha unatoa mwanga: kwa kitambaa, kwa kidole, kwa kijiti cha kiberiti. Palipofutwa patakuwa peupe, palipoachwa patakuwa peusi. Wakati huo karatasi inaloweshwa katika beseni, maana karatasi kavu haipokei wino vizuri. Unailaza juu ya sahani, unafunika na blanketi la sufu, unapitisha kwenye mashine. Inatoka karatasi moja. Moja tu. Ukipitisha ya pili inatoka hafifu kama moshi. Hiyo tuliiita kivuli. Ya tatu hakuna. Na kila kitu kinatoka kimegeuka, cha kulia kiko kushoto.

Mwanzoni niliona ni ujinga. Kwa nini mtu ahangaike nusu siku kwa karatasi moja? Nilimwuliza Chef. Alicheka, akasema mtu anayetaka mia aende kwa wale wanaochapa fomu za kampuni. Alinisukuma mara nyingi nijaribu mwenyewe. Nilikataa. Nilisema mi niko wa kufuta. Alisema kuchora kwa monotipi ni kufuta tu, lakini sikumsikia. Niliogopa kuharibu, na kwa kuwa karatasi ni moja niliona kuharibu ni kuharibu kabisa.

Saa sita mchana mama yake Chef alikuwa analeta chakula. Kila mtu alimwita Kaku, maana yake bibi kwa watu wa Kasai. Alikuwa mrefu, kilemba amekifunga kikafunika sikio moja, na mdomo wa chini ulitangulia mbele daima kama mtu anayetaka kukaripia. Na kweli alikaripia. Siku moja aliangalia bukari yangu, yaani ugali, katika bakuli, nyeupe, ya mahindi matupu, akatikisa kichwa.

“Iyi ni chakula ya bafungwa,” alisema. “Unga ya muhogo iko wapi? Bwana yako anachimba shimo kubwa vile, anarudi, unamupa hewa?”

“Kaku, siye tunakula mahindi.”

“Naona. Njo sababu uko na mikono ya kuku.”

Halafu alinimegea ya kwake, nzito, iliyochanganywa na muhogo, na alisimama mpaka nimalize. Siku nyingine nilimchukia. Siku nyingine, asipokuja, niliangalia mlango.

Miaka ya tisini ilipoanza mambo yaliharibika yote kwa mara moja. Mgodi mkubwa chini ya ardhi uliporomoka, kazi zikapungua, vifaa havikuja, karatasi nzuri ikaisha, tukawa tunachapa kwenye migongo ya ramani za zamani. Watu walitafuta wa kulaumu, wakaonyeshwa. Katika mikutano vijana waliambiwa kwamba watu wa Kasai ndio walioshika nafasi zote. Walianza kuwaita bilulu, wadudu. Nyumba zikavunjwa madirisha. Familia baada ya familia ikabeba magodoro mpaka stesheni kungojea treni ya kwenda kwa mababu ambao wengi hawakuwahi kuwaona.

Lazima niwe wa haki. Si watu wote wa Katanga, mkoa wetu, walifanya hivyo. Jirani yangu wa Musonoi, mtaa ninaokaa, alificha familia mbili nyuma ya jiko lake wiki nzima. Na wako waliokuwa na manung'uniko ya kweli ya kazi. Mimi sikupiga mtu, sikuvunja kitu. Lakini sikuficha mtu pia.

Chef Tshibangu aliondoka nyumbani kwake na mke, watoto na Kaku, wakaenda kulala stesheni chini ya hema la mifuko. Walikaa wiki tatu. Nilienda mara moja, nikapeleka unga. Kaku alikuwa amelala chini, anakohoa. Aliangalia unga ule akaniuliza kama una muhogo. Nikasema hauna. Sikurudi tena. Nilijiambia ni kwa sababu vijana waliosimama kwenye njia ya stesheni walikuwa wanaangalia nani anaingia. Ni kweli walikuwa wanaangalia.

Sasa nafika siku yenyewe, na ya jana yake, maana bila jana yake siku yenyewe haieleweki.

Jana yake Direkta wa kituo aliniita ofisini. Hakuwa mtu mbaya. Mtoto wangu alipougua malaria alituma gari lake mwenyewe. Aliniketisha, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaniambia mabehewa yameshafika na Chef hatarudi kazini.

“Weye unajua kila kitu ya mule ndani,” alisema. “Ufunguo utabakia kwako. Utakuwa chef.”

Nilijibu, “Ndiyo, Direkta.” Nilirudi nyumbani kwa miguu na nilikuwa na furaha. Nimeandika hivyo katika daftari usiku uleule, na neno lile sitalikata: furaha.

Asubuhi nilifungua atelye mapema. Mbingu ilikuwa imefunikwa, joto, bila mvua. Juu ya meza kulikuwa na sahani kubwa, ile aliyoipenda Chef kuliko zote, na ilikuwa na wino. Katika beseni kulikuwa na karatasi imeloweshwa.

Vijana wangu, someni hapo tena. Karatasi ilikuwa katika beseni. Mfanyakazi wa monotipi akiona karatasi inalowa anajua mtu yuko karibu kuchapa. Niliiona. Nakumbuka niliiona. Na bado mkono ukachukua kitambaa, ukamwaga mafuta ya taa, ukaanza upande wa kulia, kwa mviringo mkubwa, kama kila siku.

Miaka yote nimejiuliza. Je, ni kanuni iliyonisukuma, sahani hailale na wino? Au ni kwa sababu jana yake niliambiwa chumba ni changu, na mtu akiingia katika chumba chake anasafisha ya mwenzake? Kuna siku nasema ni mazoea. Kuna siku sijiamini.

Nilisimama nilipofika katikati, kwa sababu niliona mdomo. Mdomo wa chini uliotangulia. Chef alikuwa amemchora Kaku. Upande wa kushoto alikuwa mzima: jicho moja, shavu, kilemba kilichofunika sikio. Upande wa kulia kulikuwa na shaba tupu inayong'aa, na ndani yake niliona uso wangu.

Nilikaa chini kwenye sakafu. Direkta alipita dirishani akaniona, akaingia, akauliza kuna nini. Nilimweleza. Alifikiri kidogo, akasema kwa upole kabisa, “Futa yote. Utasema ulikuta vile. Leo saa tano atapanda treni, na haya yote itaisha.”

Alikuwa anataka kunisaidia. Na lilikuwa jambo rahisi, mizunguko mitatu ya kitambaa. Sikufuta. Lakini pia sikumwambia hapana. Nilibaki nimeshika kitambaa mpaka akaenda.

Chef alirudi mnamo saa tatu, suruali ina matope mpaka magotini. Alikuwa ameingia alfajiri kwa ufunguo wake, akachora, kisha akarudi stesheni kuuliza saa ya treni. Aliniona mimi kwanza, halafu mkono wangu, halafu meza.

“Chef, ni miye,” nilisema. “Sikujua ni ya nani.”

Hakupaza sauti. Ningependa angepaza. Alivuta kiti akakaa mbele ya sahani, akasema bila kunitazama, “Kaku alikufa juzi. Tulimuzika jana, kule nyuma ya reli. Hatuna foto. Foto zote zilibakia kwa nyumba, na nyumba waliichoma.”

Sikuwa najua. Naapa sikuwa najua, ingawa najua pia kwamba ningejua kama ningerudi stesheni.

Nilimwambia achore tena, wino upo, nitapaka rola haraka. Alitikisa kichwa.

“Leo asubuhi nilimuona muzuri, vile alikuwa mbele,” alisema. “Nikamutoa yote kwa kichwa, nikamuweka pale kwa sahani. Sasa nikifunga macho, namuona wa stesheni, amekonda, kinywa kiko wazi. Ule sitaki kumupeleka.”

Nje, mtu alikuwa anaburuta bati. Kisha Chef aliniangalia mara ya kwanza tangu aingie.

“Weye ulimuona mwisho wapi?”

Nilimwambia: stesheni, mara moja tu, dakika chache. Yule ninayemkumbuka mimi ni wa hapa, wa saa sita, wa bakuli.

Alisimama akanipa kiti. “Basi fanya weye.”

Nilisema siwezi. Nilisema sijawahi kuchora hata yai. Nilisema nitaharibu na nusu iliyobaki. Alichukua rola mwenyewe, akapaka wino upande ule wa kulia kwa uangalifu mpaka giza likafika kwenye pua, bila kugusa ya kwake. Akaweka kitambaa kikavu mkononi mwangu.

“Usichore,” alisema. “Futa. Miaka sita unafuta, hakuna mutu Kolwezi anajua kufuta kama weye. Na fanya mbio, wino yangu inaanza kukauka.”

Sina maneno mazuri ya kueleza kilichofuata. Wataalamu wana maneno. Mimi nilikuwa natetemeka mpaka kitambaa kikagusa mahali sikutaka, na pakawa peupe, pakubwa mno, kwenye paji la uso. Nikataka kuacha. Chef alisema, “Imeshakuwa. Ifuate.” Basi nikaifuata. Ule weupe ukawa mwanga wa mlango, maana Kaku alisimama daima mlangoni, jua nyuma yake. Nilipojua kwamba yuko mlangoni, nikajua jicho linaangalia wapi: linaangalia bakuli langu. Nilitoa jicho kwa kijiti cha kiberiti. Shavu kwa kidole gumba. Sikuwa tena nafikiri kama ni vizuri. Nilikuwa namsikia akisema mikono ya kuku.

Kilomita moja kutoka pale treni ilipiga honi. Chef alitoa karatasi katika beseni, akaikausha kati ya magazeti, akailaza. Tulishika gurudumu wote wawili. Mashine ile ilikuwa inalia mahali fulani kila mzunguko, na siku ile ilinionekea inalia kwa sauti ambayo stesheni nzima ingesikia.

Aliinua karatasi kwa pembe mbili.

Ningependa kuwaambia kwamba ilikuwa nzuri. Sijui. Nusu moja, ile ya Chef, iliyotoka sasa kulia, ilikuwa ya mama: jicho pole, linaangalia mtoto aliyemzaa. Nusu yangu, iliyotoka kushoto, ilikuwa kali, na mwanga mwingi mno juu ya paji. Nyuso mbili zilikutana puani na hazikulingana. Mdomo tu ulikuwa mmoja.

Chef aliangalia muda mrefu kuliko tuliokuwa nao.

“Upande wako si mama yangu,” alisema.

Nilisema, “Ndiyo, Chef.”

“Vile alikuwa anakuangalia weye, mi sikukuwa naona. Alikuwa ananipa mugongo.” Akapuliza wino taratibu. “Nitawaonyesha batoto. Watamujua.”

Hakusema asante na hakusema amenisamehe. Wengine wakisimuliwa habari hii wanataka kuongeza hilo. Halikuwepo.

Alitaka kuiweka katika mfuko wake. Nikamwambia pale kwenye njia vijana wanapekua mizigo ya wanaoondoka, wanatafuta shaba, wanapasua hata mito. Wakiona karatasi yenye wino mbichi wataikanyaga kwa kucheza. Nikasema nitaibeba mimi. Sijui ujasiri ule ulitoka wapi, na haukudumu. Niliilaza kati ya makaratasi mawili magumu, nikafunga na kanga kifuani, tukaenda, yeye mbele, mimi nyuma hatua ishirini kama watu wasiojuana.

Kijana mmoja nilimjua; mama yake aliuza mkaa karibu nasi. Alimpekua Chef mpaka ndani ya soksi. Halafu aliniona.

“Mama Georgette, weye tena unabebea bilulu mizigo?”

Nilikuwa na majibu mengi. Ninayo mpaka leo. Nilichosema ni, “Ni kazi ya Direkta.” Akaniachia. Nilipita kwa jina la Direkta, na kwa uongo, nikiwa nimembeba Kaku kifuani.

Mke wa Chef alipokea karatasi kupitia dirisha la behewa. Watoto waliinama juu yake, na mdogo akasema kwa sauti, “Kaku anakasirika.” Nilisikia mtu akicheka mle ndani. Kisha mabehewa yakaondoka.

Sijui kama walifika. Wako waliofika, wako waliozikwa kando ya reli. Mara moja niliandika katika daftari kwamba walifika, nikakata mstari, kwa sababu si haki kuandika nisilolijua.

Nilichukua ufunguo. Hilo pia liandikwe. Nilikuwa chef wa atelye miaka mitatu, mpaka kituo kikafungwa na mabati ya paa yakaenda. Baadaye masista waliniita Kasaji kufundisha wasichana katika shule yao, kwa mashine ndogo iliyotengenezwa na fundi wa baiskeli. Kutoka hapo nilikaa mwaka mmoja Dilolo, mpakani, ambako wino ulitoka Angola na ulikuwa mbaya. Mwisho nilirudi Musonoi nikafundisha nyumbani kwangu, hadi mikono ilipoanza kutetemeka yenyewe, bila woga.

Mahali pote nilipofundisha niliweka kanuni moja badala ya ile ya kwanza. Kabla ya kufuta sahani, unauliza kwa sauti, “Ni ya nani?” na unangoja. Hata ukiwa peke yako chumbani. Wanafunzi walinicheka. Walisema Mama anaongea na shaba. Lakini waliuliza.

Kuhusu kuchora kwenyewe nina machache ya kuwaachia. Karatasi ni moja. Mkono utakosea, na ukishakosea utafuata kosa lile mpaka ujue ni mwanga wa wapi. Nimechapa mamia baada ya ile, na nyingi ni bora. Hakuna hata moja ambayo nilijua tangu mwanzo itakavyotoka, na zile nilizodhani najua zilitoka zimekufa.

Siku ile, baada ya treni kwenda, nilirudi atelye. Sahani ilikuwa bado na mabaki. Niliuliza ni ya nani, nikangoja, nikapitisha karatasi ya pili. Kivuli kile ninacho, kati ya kurasa za daftari. Ya Chef imefifia zaidi, kwa kuwa wino wake ulikuwa umekauka. Yangu inaonekana bado. Jicho linaangalia chini, kwenye bakuli.

Leo imenyesha tangu mchana, mvua bila upepo. Jioni tumekula bukari na matamba, majani ya muhogo, na samaki kidogo ya chumvi. Bwana yangu aliuliza, kama anavyouliza tangu miaka ile, kwa nini nachanganya muhogo wakati siye tunakula mahindi. Nilimwambia ale. Alimaliza yote, na mimi pia.